Vigingi Vitano vya Profesa Mkude

Mfumaji alianza kazi saa nne kasorobo asubuhi. Ilipotimia saa sita mchana, dereva mstaafu wa treni, ambaye kwa miezi saba alikuwa amesahau hata namna ya kushika kijiko, alikuwa ameketi kitandani akimwuliza mkewe kwa nini amekata nywele.

Mke yule alijifunika uso kwa ncha ya kanga akalia, na wauguzi wakasogea kumpisha.

Nyuma ya kioo kinene, Dk. Eufrasia Mkude alikuwa akitazama. Mfumaji ilikuwa mashine aliyoibuni yeye, hapohapo Morogoro. Ilikuwa na kimo cha kabati la nguo na mikono kumi na miwili, myembamba kama njiti za ufagio. Kila mkono uliishia kwenye nyuzinuru, yaani nyuzi za mwanga zinazopenya fuvu bila kuacha tundu. Maradhi ya usahaulifu hukata njia za ubongo moja baada ya nyingine, na nyuzinuru huzifuma upya. Lakini hakuna afumaye hewani. Uzi huhitaji mahali pa kufungwa, na mahali hapo Eufrasia alipaita kigingi.

Kigingi kilipaswa kuwa kitu kirefu, chenye mpangilio usiobadilika, kinachoweza kurudiwa vilevile hata baada ya miaka hamsini. Mazungumzo hayakufaa, kwa kuwa hakuna awezaye kuyarudia sawasawa. Wimbo ulikuwa mfupi mno. Kwa dereva wa treni walitumia rekodi za mechi za mpira alizohudhuria ujanani. Mgonjwa akiitazama tena mechi ileile, ubongo wake huwaka palepale ulipowaka siku ile, na pamoja na mpira huwaka kila kilichokuwa jirani: mtu aliyeketi naye, njaa aliyokuwa nayo, njia aliyorudia nyumbani. Mfumaji huufunga uzi kabla mwako haujazima. Kilichoshikana na kigingi hubaki. Kisichoshikana huchukuliwa na maradhi.

Mhandisi Mbaraka Shekue, aliyekuwa akiiendesha mashine, alitoka chumbani akivua glavu.

"Hongera, Dokta. Huyu ni wa arobaini na moja."

"Ahsante, Mbaraka."

"Mbona sura hiyo?"

Eufrasia alitazama sakafu. "Majibu ya baba yametoka," akasema. "Ni maradhi hayahaya."

Profesa Hilarion Mkude alikuwa amefundisha filamu chuo kikuu kwa miaka thelathini na minne, na kila Jumamosi saa tano asubuhi alikuwa na kipindi redioni. Wasikilizaji walimtumia jina la mwongozaji yeyote mashuhuri duniani, naye akawajibu kwa filamu moja tu, ile aliyoiona kuwa bora kuliko zote za mwongozaji huyo, kisha akaeleza kwa nini. Hakukubali kutaja mbili. "Mwongozaji mmoja, filamu moja," alizoea kusema. "Mwenye kupenda zote hajapenda hata moja." Watu waligombana vinyozini kwa sababu ya majibu yake. Wengine walimwandikia barua za matusi, naye alizisoma hewani kwa sauti ya upole.

Kisha akaanza kujibu swali moja mara mbili katika kipindi kimoja. Jumamosi moja alitoka studio katikati ya tangazo, akakutwa stesheni na karatasi zake mkononi, akiuliza treni ya kwenda kwenye chuo alichoacha kufundisha miaka mingi nyuma. Eufrasia alikwenda kumchukua, akamhamishia nyumbani kwake Kigurunyembe. Mkewe Profesa, Bi. Tekla, alikuwa amefariki miaka tisa kabla, na Eufrasia alikuwa mtoto wao wa pekee.

Alipomweleza juu ya vigingi, mzee alisikiliza kwa makini, mikono juu ya magoti.

"Mnaweka vingapi?"

"Vitano, baba."

"Visiwe kumi?"

"Tulijaribu sita. Nyuzi ziligongana, na bibi wa watu akapoteza uwezo wa kusema. Hakusema tena mpaka anakufa."

Macho ya Profesa yakang'aa kama ya kijana aliyeitwa kwenye usaili.

"Filamu tano," akasema. "Maisha yangu yote nimekuwa nikijiandaa kwa swali hili, mwanangu."

Hakuhitaji hata kufikiri. Alitaja tano palepale. Ya kwanza ilikuwa *Mlinzi wa Ghala* ya Casmir Mtengeti, mwongozaji wa Lindi ambaye Profesa alimwita baba wa filamu zetu. Nyingine zilikuwa za nje: moja ya Msenegali Aminata Badiane, moja ya Mhindi Raghunath Deshkar, na mbili za Wajapani ambao Eufrasia hakuweza kamwe kuwatofautisha majina. Zote alizifundisha, akaziandikia vitabu, akazitetea redioni.

Kabla ya kufumwa, kila filamu ilipimwa. Mgonjwa alivikwa kofia laini yenye kipimamwako, chombo kinachoonyesha ubongo umewaka kiasi gani, kuanzia sifuri hadi mia. Filamu iliyofika hamsini ilifaa kuwa kigingi. Chini ya arobaini ilishika vitu vichache sana.

Filamu nne za nje zilivuka hamsini bila shida. Kisha ikaonyeshwa *Mlinzi wa Ghala*. Profesa aliitazama saa mbili nzima akitikisa kichwa kwa heshima, na picha ya mwisho ilipofifia akasema, "Hakuna kama hii."

Mbaraka alisoma namba, akamtazama Eufrasia, akaisoma tena. Thelathini na moja.

"Mashine yenu ina kasoro," akasema Profesa.

"Haina, Mzee," akajibu Mbaraka kwa adabu. "Nimeipima asubuhi."

Eufrasia aliomba wajaribu filamu nyingine za Mtengeti. Walipofika kwenye *Harusi ya Posta*, mwako ulipanda hata kabla majina ya waigizaji hayajaisha. Hiyo ilikuwa filamu ya kuchekesha, aliyoitengeneza Mtengeti uzeeni, kuhusu karani wa posta anayeoa kwa barua mwanamke asiyemfahamu. Redioni Profesa alikuwa ameiita takataka mara zisizohesabika. Sasa alikuwa anaitazama huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kipimo kilisimama kwenye themanini na nane.

"Mnapima kicheko tu," akasema akifuta macho. "Hata ukinitekenya nitacheka."

"Baba, kicheko hakifiki themanini na nane. Filamu hii uliitazamia wapi mara ya kwanza?"

Mzee alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ile ya redioni.

"Kilosa. Ukumbi wa shule, wenye bati. Tulikuwa na mwezi mmoja tangu tuoane. Ikanyesha mvua, Eufrasia, mvua ya mawe, bati likapiga kelele hata tusisikie neno moja. Watu wakaanza kuondoka. Mama yako akasema tusiondoke, twende nyumbani kufanya nini. Akaanza kuwasemea waigizaji, kila mmoja na sauti yake, kwa Kiluguru. Karani akamfanya kigugumizi. Bibi harusi akamfanya anadai kuku. Waliobaki wakasogea karibu yetu, tukawa kama watu thelathini tunamsikiliza yeye." Alipumua. "Sijawahi kusikia maneno halisi ya filamu hii, hata nilipoitukana redioni. Leo ndiyo mara ya kwanza, na kusema kweli, ya mama yako yalikuwa bora."

Mbaraka aligeukia vifaa vyake kama mtu mwenye jambo la kurekebisha.

"Basi iandikeni," akasema Profesa. "Mtengeti, *Harusi ya Posta*. Wanafunzi wangu wasijue."

Wakaiandika, naye akatia sahihi. Siku ile Eufrasia alirudi nyumbani akijua kwamba mama yake, nyumba yao ya Kilosa, na miaka yake mwenyewe ya utoto vilikuwa vimepata mahali pa kufungwa. Kati ya filamu zote tano, hiyo peke yake ndiyo iliyowasha upande ule. Zile nne ziliwasha madarasa, makabrasha na nyuso za wanafunzi.

Lakini kulikuwa na sheria. Katika mwaka wa kwanza wa Mfumaji, kijana mmoja alimchagulia mama yake mgonjwa vigingi vya miaka ya ndoa ya kwanza peke yake, kwa kuwa hakumpenda baba wa kambo. Mama yule aliamka akapiga kelele kumwona mume wake chumbani. Baada ya hapo Eufrasia aliandika kifungu kwa mkono wake mwenyewe, na wizara ikakipitisha bila kubadili hata nukta. Mgonjwa angesubiri wiki tatu, kisha siku ya kufumwa angeulizwa mara tatu, bila ndugu chumbani. Jibu la siku hiyo ndilo jibu. Karatasi ya awali haina nguvu mbele ya ulimi wa mgonjwa, ila kamati ya wizara ikiona hana tena uwezo wa kuchagua.

Katika wiki zile tatu maradhi yalikimbia. Profesa alisahau jina la mtaa, kisha matumizi ya ufunguo, kisha mvua ya Kilosa. Kila asubuhi Eufrasia alimsimulia tena wakinywa chai: bati, mvua ya mawe, karani mwenye kigugumizi, kuku.

"Kumbe!" mzee alisema kila mara, akitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa visa vya jirani. "Mwanamke hodari huyo. Ni nani?"

"Ni mama, baba. Tekla."

"Ahaa. Tekla."

Ila ukimwuliza filamu bora ya Mtengeti, alijibu kabla hujafunga mdomo. Orodha ile alikuwa ameitamka kwa miaka arobaini, na ilikuwa imechimba mfereji ambao maradhi hayakuufikia. Eufrasia aliliona hilo vizuri kuliko daktari yeyote, na hakuwa na la kufanya. Dawa ya kupunguza kasi hawakuwa nayo. Tarehe haikuweza kusogezwa mbele wala nyuma. Aliiandikia kamati akiomba baba yake apimwe kama bado ana uwezo wa kuchagua, akitumaini watasema hana, ili karatasi ya kwanza isimame. Wajumbe watatu walikuja nyumbani, wakamwuliza Profesa anajua nini juu ya vigingi. Mzee alizungumza dakika ishirini juu ya filamu na kumbukumbu, kwa mifano, bila kukwama, akawaacha wajumbe wanaandika kama wanafunzi. Wakampa alama zote.

Siku ilipofika, Eufrasia alisimama nyuma ya kioo. Baba yake alilazwa, kofia kichwani, mikono kumi na miwili ya Mfumaji ikiwa imekunjwa juu yake. Mbaraka alisoma majina ya filamu kwa sauti. Nne zilipita.

"Ya tano, Profesa. Casmir Mtengeti, *Harusi ya Posta*. Unathibitisha?"

Mzee aliinua kichwa. "*Harusi ya Posta*? Nani ameweka upuuzi huo hapo?"

"Ni wewe, Mzee. Wiki tatu zilizopita."

"Haiwezekani. Mtengeti ni *Mlinzi wa Ghala*. Muulize mtu yeyote nchi hii."

Mbaraka aliinamia orodha. "Nakuuliza mara ya pili, kwa mujibu wa sheria. Kipimo cha *Mlinzi wa Ghala* ni thelathini na moja. Cha *Harusi ya Posta* ni themanini na nane. Unachagua ipi?"

"Bwana mdogo, mimi sichagui filamu kwa namba. *Mlinzi wa Ghala*."

Mbaraka alizima kipaza sauti cha chumbani, akafungua kile cha nyuma ya kioo. Hakugeuka.

"Dokta," akanong'ona. "Nifanye nini? Orodha iko mkononi mwangu. Nikibonyeza *Harusi ya Posta*, hakuna atakayejua. Yeye mwenyewe hatajua."

Eufrasia alishika kitufe cha kujibia. Alimwona mama yake akiwa amesimama katikati ya watu thelathini, akipaza sauti kushinda mvua. Alimwona pia mama yule mwingine, aliyepiga kelele kumwona mumewe, na kijana aliyesema mbele ya mahakama, "Nilimfanyia wema." Kisha akamtazama baba yake kupitia kioo. Mzee alikuwa anasubiri, amekunja uso kidogo, kwa uvumilivu wa mwalimu ambaye ameshatoa jibu na darasa bado linabishana.

"Dokta?"

"Muulize mara ya tatu," akasema Eufrasia.

"Na akisema vilevile?"

Eufrasia hakuondoa kidole kwenye kitufe. "Ufuate kauli yake."

Mbaraka aliuliza mara ya tatu. Mzee alisema vilevile. Mikono ya Mfumaji ikakunjuka, nyuzinuru zikawaka, na *Mlinzi wa Ghala* ikaanza kwenye kiwambo cha darini. Eufrasia aliitazama yote mpaka mwisho. Ilikuwa filamu nzuri.

Profesa aliamka jioni hiyohiyo akiwa mwepesi na mchangamfu. Alimsahihisha Mbaraka sarufi, akaomba miwani na gazeti. Aliwataja wanafunzi wake wa miaka thelathini iliyopita kwa majina matatumatatu, na akakumbuka nani kati yao aliiba insha ya mwenzake. Jaribio la kumbukumbu lilimpa tisini na nne kwa mia, alama ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuifikia. Waziri alipiga simu kutoa pongezi.

Eufrasia aliingia na maua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti," akajibu mzee kwa ukunjufu. Vijana wengi humwita mzee baba, na hakuona ajabu. "Nimeambiwa wewe ndiye daktari mkuu. Kazi kubwa mmeifanya. Ulisoma chuo gani?"

Alimjibu. Akaketi. Baada ya kitambo alitoa picha ya Bi. Tekla mkobani na kuiweka juu ya shuka. Profesa aliinua miwani, akaisogeza picha kwenye mwanga, akaichunguza kwa muda mrefu.

"Uso mzuri kwa kamera," akasema hatimaye. "Aliigiza wapi huyu?"

Mwezi mmoja baadaye, kinyume na kila alichokuwa akiwashauri wagonjwa, Eufrasia alimletea *Harusi ya Posta*. Alimwambia ni utafiti. Akamvika kofia, akaketi pembeni yake, na bibi harusi alipotokea, akasema taratibu kwa Kiluguru maneno ya mama yake aliyosimuliwa na baba, yale ya kuku. Profesa alimgeukia, akaweka kidole mdomoni.

"Tutazame kwanza, Dokta. Tutajadili baadaye."

Na baadaye wakajadili. Alieleza kwa nini uhariri ulikuwa wa haraka mno, na jinsi Mtengeti uzeeni alivyopoteza subira. Kipimamwako kilisoma kumi na mbili. Njia zilizokuwa zimewaka wiki chache nyuma hazikuwepo tena, na Mfumaji hawezi kufuma mahali ambapo hapana hata uzi uliokatika.

Redio ilimrudisha. Chuo nacho kilimwomba mhadhara mmoja, na siku ya mhadhara ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama varandani. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa taasisi, daktari wake alitakiwa kumsindikiza. Walisubiri pamoja katika chumba kidogo kando ya jukwaa. Roboti ya chuo ilileta maji, ikaondoka. Eufrasia alimwona kola imekunjika, akamnyooshea, na mzee akainama kidogo kumrahisishia.

"Una mikono ya upole," akasema. "Umelelewa vizuri. Wazazi wako wako hai?"

"Mama alifariki. Baba yupo."

"Pole sana. Na baba anaendeleaje?"

"Mzima. Ana afya njema."

"Anajivunia binti kama wewe, bila shaka."

Nje, mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili.

"Ukienda kwake, unisalimie sana," akasema Profesa. "Mwambie Hilarion Mkude anamsalimu."

"Zimefika," akasema Eufrasia.

Mzee alicheka. "Zimefikaje, nawe hujatoka hata mlangoni? Nyinyi watu wa mashine mna haraka!"

Akamgusa bega, akachukua karatasi zake na kupanda jukwaani. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na Eufrasia naye, kwa kuwa alikuwa amesimama tayari, akapiga.